Kwenda Kujitolea Vijijini Uganda: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Nchi Jirani

Mtu anayetoka Mwanza, Kisumu au Bujumbura kwenda kujitolea Uganda hubeba vitu viwili ambavyo kijana wa Ulaya mara nyingi hana: analijua jembe, na anakijua Kiswahili. Jembe litamfaa kila aendako. Kiswahili kitamfaa sehemu fulani, na sehemu nyingine kitamfungia mlango asipokuwa mwangalifu. Nitaeleza mbele kwa nini.

Ninaishi Mbale, chini ya Mlima Elgon, na wageni wanaokuja kujitolea huku nawaona wakifika na nawaona wakiondoka. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza ili ajuaye hautaki asipoteze muda: usije na mradi wako. Tafuta kikundi cha wanawake au cha vijana ambacho kazi yake imekwisha kuanza, uingie chini ya uongozi wake. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwa shida yake

Watu huchagua Uganda kwanza, kisha wanauliza waende wapi. Anza na shida, kwa sababu tabianchi haiwaumizi watu wote kwa namna moja.

Elgon ni nchi ya maporomoko ya udongo. Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, kilifunikwa na udongo, na mamia ya watu wakafa. Mwaka 2018 Bududa ilipigwa tena, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Miteremko ni mikali, watu ni wengi, kahawa na migomba imepandwa hadi mahali ambapo mbuzi anasita. Kazi ya huku ni udongo: makinga maji, miti, nyasi za kushika kingo, na mazungumzo magumu kuhusu kuhama. Serikali ilihamishia baadhi ya familia Kiryandongo, nyingine Bunambutye, na wapo waliorudi mlimani. Usiwahukumu kabla hujaliona shamba waliloliacha.

Kasese, chini ya Rwenzori, shida ni mito. Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Karamoja, kaskazini mashariki, mvua ni ya msimu mmoja tu, na ikikosea hakuna msimu wa pili wa kufidia. Mwaka 2022 njaa iliua watu. Huko mwanamke ndiye anayejenga nyumba, analima, anatafuta kuni na maji, huku mifugo ikiwa ya wanaume.

Halafu kuna makazi ya wakimbizi, na hapa msemaji wa Kiswahili ana kazi inayomngoja. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Nakivale wilayani Isingiro, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali zimejaa Wakongo, na wengi wao wanaongea Kiswahili nyumbani na sokoni. Mama anayetaka kuanzisha bustani ya mboga kwenye kiwanja kidogo alichopewa ataelewana nawe siku ya kwanza bila mkalimani. Lakini huingii huko kwa kupenda kwako: ruhusa hutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na shirika lako ndilo linaloiomba.

Hatua ya 2: Tafuta mlango, kisha uupime

Milango mikubwa ni michache. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Watu wa Kujitolea, UNV, huchukua watu kutoka nchi yoyote. Unajisajili kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unasubiri nafasi inayolingana na ujuzi wako, na ukipata unalipwa posho ya kujikimu. Kundi la vijana ni la miaka 18 hadi 26. Wakubwa huingia kama wataalamu. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kilichoanzishwa 2010, kwa wenye miaka 18 hadi 35, na kipindi chake huwa miezi 12. Shirika la VSO nalo lipo Uganda. Nafasi ni chache na zinagombaniwa, kwa hiyo andika maombi yako kwa kutaja kazi uliyokwisha kuifanya kwa mikono, kama vile kitalu ulichokitunza au kikundi ulichokiandikia mahesabu. Maneno kama “nina shauku ya kubadilisha maisha” yanaandikwa na kila mtu.

Mlango wa pili ni shirika dogo la Kiganda au chama cha ushirika cha wakulima. Kwa maoni yangu huu ndio bora, na ndio wenye hatari zaidi. Kabla ya kukubali, uliza maswali haya kwa maandishi.

Je, wana kibali halali? Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inalitaka kila shirika lisajiliwe na liwe na kibali cha kuendesha shughuli, kisha liwe na makubaliano yaliyotiwa saini na serikali ya wilaya linakofanyia kazi. Omba nakala ya vyote viwili. Shirika la kweli hukutumia siku hiyohiyo. La magumashi litakuandikia aya tatu kuhusu uaminifu.

Ukilipa ada, pesa inakwenda wapi? Kulipia chakula na malazi yako ni haki. Kulipa fedha nyingi kwa wakala wa nchi nyingine ili “uwekwe” kijijini ni biashara ya utalii, na kikundi cha kina mama huenda kisione hata thumni.

Nani atakuwa msimamizi wako, na je, kikundi chenyewe kimekubali uje? Omba kuzungumza kwa simu na mwenyekiti wa kikundi, si mkurugenzi wa shirika peke yake. Ukisikia mama anashangaa wewe ni nani, umepata jibu.

Wakikupeleka kwenye kituo cha watoto yatima badala ya kazi mliyokubaliana, kataa. Watoto hawahitaji mgeni mwingine wa miezi miwili atakayewazoesha kisha aondoke.

Hatua ya 3: Karatasi

Raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014. Mtanzania aje na pasipoti. Hata Mkenya namshauri aje nayo, kwa sababu kusajili laini ya simu na kuomba vibali ni rahisi zaidi ukiwa nayo. Viza hulipi ukiwa raia wa Kenya, Tanzania, Rwanda au Burundi.

Jambo linalowaponza wengi ni hili: muhuri wa mgeni unaogongewa Mutukula, Busia au Malaba haukuruhusu kufanya kazi, hata kazi ya bure. Anayejitolea anahitaji kibali cha kuingia cha kundi G, ambalo ndimo walimo wafanyakazi wa mashirika na watu wa kujitolea. Shirika linalokupokea huomba kupitia mfumo wa Idara ya Uhamiaji, na ombi linataka barua yao, usajili wao, vyeti vyako na hati ya polisi ya tabia njema kutoka kwenu. Hati ya polisi ndiyo huchelewesha watu, kwa hiyo ianze mapema.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Sindano moja sasa hivi inahesabiwa kuwa ya maisha.

Hatua ya 4: Panga tarehe kwa mvua na kwa mila

Wageni hupanga safari kwa likizo zao. Wenyeji hupanga mwaka kwa mvua. Kusini na katikati mwa Uganda kuna misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hivi. Kaskazini ni mmoja mrefu. Kama kazi yenu ni miti, miche inayopandwa Machi ilisiwa kitaluni miezi kadhaa nyuma. Ukifika Machi bila kitalu kuwepo, utanunua miche ya mtu, utapiga picha na utaondoka. Njoo Novemba au Desemba, uoteshe nao, umwagilie wakati wa kiangazi cha Januari ambapo hakuna mgeni anayependa kuwepo, kisha mpande pamoja.

Huku kwetu Bugisu kuna kalenda nyingine juu ya hiyo. Kila mwaka wenye namba shufwa, kuanzia Agosti, ni msimu wa imbalu, tohara ya vijana. Vijana wanacheza barabarani, familia zinatumia akiba yote kwa pombe, kuku na wageni, na mkutano wako wa mafunzo utahudhuriwa na wewe na kiti chako. Usipambane nayo. Ukialikwa, nenda, kazi ipangie miezi mingine.

Uliza pia siku ya soko na siku za ibada. Na saa: asubuhi ni ya shamba. Mwanamke anayeitwa mkutanoni saa tatu asubuhi anapoteza siku nzima ya jembe, na hatakwambia. Saa tisa alasiri ndiyo saa yao.

Hatua ya 5: Kuingia kijijini

Mtu wa kwanza kumwona ni mwenyekiti wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji. Peleka barua ya shirika, kopi ya pasipoti na barua ya wilaya. Atakuandika kwenye kitabu chake, na kuanzia hapo mtu akikuuliza wewe nani, kijiji kizima kina jibu. Kwenye kaunti ndogo mtafute ofisa wa maendeleo ya jamii. Vikundi vyote vilivyosajiliwa viko kwenye faili zake, na atakuambia kikundi kipi kiko hai na kipi kilikufa mfadhili alipoondoka.

Sasa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe shuleni kote, na kwenye katiba kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Lakini katika Buganda, wazee wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na masikio yao hayajasahau. Ukimsimamia bibi wa Masaka mbele ya mlango na kumwambia “Habari yako” kwa sauti kubwa, unaweza kumwona akirudi nyuma hatua moja. Anza na salamu yake. Kwa Luganda mkute mtu kazini umwambie “Gyebaleko, nnyabo”, pole na kazi mama. Kwa mwanamume ni “ssebo”. Huku kwa Wagisu “Mulembe” inatosha. Teso ni “Yoga”, Acholi “Apwoyo”. Ukishasalimia, uliza kwa upole kama Kiswahili kinasikika. Mipakani, Kasese, Arua na kwenye masoko ya Elgon utajibiwa bila shida, kwa Kiswahili kisichojali ngeli. Usimsahihishe mtu, hata akisema “mtoto yangu”.

Mavazi: wanawake wavae sketi au leso chini ya goti, wanaume wasije mkutanoni na kaptula. Acha kabisa nguo za mabaka ya kijeshi na bereti nyekundu. Vyote vimetengwa kuwa sare za jeshi na vinaweza kukuweka ndani. Wakati wa kampeni angalia hata rangi ya fulana, maana njano ni ya chama tawala na nyekundu ya upinzani.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu wengi hufika hawajui la kufanya siku ya pili.

Udongo kwanza. Kifaa chenye faida kuliko vyote mlimani hakinunuliwi: ni fremu ya herufi A ya kupimia usawa wa mteremko. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja kama mita 2, zifunge pamoja juu na uzipanue chini. Funga fito ya tatu ikatize katikati. Kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, uzi ushuke hadi uipite ile fito ya kukatiza. Simamisha fremu, tia mambo mbili (vigingi) ardhini miguu ilipokanyaga, na chora alama pale uzi unapogusa fito. Igeuze, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, uchore alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Chora mstari mzito hapo.

Baada ya hapo unatembea nayo. Mguu mmoja unabaki kwenye mambo, mwingine unausogeza juu au chini ya mteremko hadi uzi ukae kwenye mstari, unapigilia mambo nyingine, unageuza, unaendelea. Upepo ukivuma jiwe hubembea. Kuna mama mmoja wa Bududa ambaye hulituliza kwa kidole gumba cha mguu, kisha anakiondoa polepole kama anayemlaza mtoto. Mfereji ukichimbwa kufuata mambo hizo, maji hayakimbii upande mmoja. Udongo ukitupwa upande wa juu ni fanya juu, ukitupwa chini ni fanya chini. Kwenye tuta panda majani ya nepia, yanashika udongo na ng'ombe anakula.

Onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mahali ambapo mteremko umeshaanza kupasuka, usichimbe mifereji ya kuzuia maji. Maji yakituama yanazama ndani, udongo unakuwa mzito, na mlima mnausaidia kushuka. Ukiona ufa ardhini, au miti iliyoinama upande mmoja, simamisha kazi na umwite ofisa wa mazingira wa wilaya.

Miti ina siasa yake. Kupanda mti wa kudumu ni kudai ardhi, na ardhi nyingi iko kwa jina la mume, au ya ukoo. Mwanamke anaweza kulima shamba miaka ishirini na asiruhusiwe kupanda mvule mmoja. Kabla ya kugawa miche, kaeni na wanaume wa nyumba hizo, na mwenyekiti wa LC1 awepo. Mara nyingine jibu ni kuanza na miti ya kivuli cha kahawa, au ya malisho inayokatwakatwa, ambayo haimtishi mtu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mume apate ridhaa ya mke kabla ya kuuza ardhi ya familia inayowalisha, na wanawake wengi hawajawahi kuambiwa. Mwalikeni mwanasheria au ofisa wa ardhi aje aseme. Wewe mgeni usiwe ndiye msemaji.

Sanduku la akiba. Karibu kila kijiji kina kikundi cha kuweka na kukopa, kile ambacho Tanzania mngekiita kikoba na Kenya chama. Wanachama ni kati ya 15 na 30, sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelaza sanduku kwake hana ufunguo hata mmoja. Kila kikao mtu hununua hisa kati ya moja na tano, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka, wanagawana. Msaada wako hapa ni kalamu: kukagua vitabu, kumfundisha binti aliyemaliza sekondari kuwa mwandishi, kuuliza kwa nini mgao uwe Desemba wakati karo inadaiwa Februari. Usishike ufunguo. Usiongeze pesa yako kwenye sanduku, hata wakikuomba na hata kama ni ndogo; siku pesa ya mgeni inapoingia, nidhamu ya marejesho inaanza kulegea.

Serikali nayo ina pesa zake. Mpango wa Maendeleo ya Parishi (parishi huku ni ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, si ya kanisa), ulioanza 2022, hutenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, kaya inakopa hadi milioni 1 kwa riba ya 6%, na 30% imetengwa kwa wanawake, nyingine 30% kwa vijana. Wanaokosa mara nyingi wamekwama kwenye kitambulisho cha taifa chenye jina lililoandikwa vibaya, au fomu. Kuketi na watu kumi mkapitia fomu mstari kwa mstari kuna faida kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Vijana. Kwa sensa ya 2024, kama nusu ya Waganda wako chini ya miaka 18. Kijana wa kijijini hana ardhi mpaka baba agawe, kwa hiyo ukimwambia apande kahawa itakayozaa baada ya miaka mitatu atakusikiliza kwa adabu kisha atapanda basi kwenda Kampala kuendesha boda. Mpe kazi yenye pesa ya karibu: kuotesha miche ya kuuza, kufuga nyuki, kukata matawi ya kahawa za majirani kwa malipo, kutengeneza taa za sola zilizokufa. Kusini mwa Elgon nimeona vijana wakigeuza maganda ya kahawa kuwa mkaa wa kubumba. Soko lake ni vibanda vya chai na chapati, si nyumbani.

Majiko banifu ya udongo nayataja kwa ufupi. Yanapunguza kuni na moshi, lakini yakianza kutumika kabla hayajakauka yanapasuka, na jiko lisiloingia sufuria kubwa ya posho, yaani ugali, litageuzwa kiota cha kuku.

Hatua ya 7: Afya, pesa na mwendo

Malaria iko karibu kila mahali. Lala ndani ya chandarua na ukipata homa upimwe siku hiyohiyo. Uganda hupata milipuko ya Ebola mara kwa mara, wa 2022 na wa 2025 ikiwemo, kwa hiyo fuata taarifa za Wizara ya Afya. Kata bima inayogharamia kusafirishwa ukiumia. Ajali za boda ndizo zinazowapeleka wageni wengi hospitalini, na kofia ngumu ni yako kununua, usingojee ya dereva.

Pesa hubebwa kwenye simu, MTN au Airtel. Ukitoa taslimu serikali hukata 0.5% juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo toa mara chache. Kodi ya chumba lipa kila mwezi na uandikiwe risiti.

Hatua ya 8: Kuondoka

Tarehe ya kuondoka itangaze siku unayofika. Miezi miwili kabla, kila unachokifanya kifanywe na mtu mwingine ukiwa umekaa pembeni: mwandishi aandike, vijana wapime mteremko, mwenyekiti aende mwenyewe kwa ofisa wa kilimo. Kinachokwama wiki hizo ndicho cha kushughulikia kabla hujafunga begi.

Mweleze mwenyekiti wa LC1 kwamba unaondoka, rudisha kibali kupitia shirika, na hakikisha tarehe ya ruhusa ya kukaa iliyo kwenye pasipoti haijapita, maana faini ya kuzidisha siku ni kwa kila siku. Picha za watu ulizopiga kwa ridhaa yao zichapishe mjini uwapelekee.

Simu zitakuja baadaye: karo, hospitali, mbuzi amekufa. Nyingine ni za kweli. Amua mapema kwamba msaada wowote wa pesa utapitia mfuko wa jamii wa kikundi, na uwaambie wote mkiwa kikaoni, mwenyekiti akisikia na mwandishi akiandika.